Konea 486: kliniki moja imekataa, nyingine imekubali, nimsikilize nani?

Swali: "Asalaam aleykum dokta, shikamoo. Mimi kijana wa miaka 23, mpishi hotelini huku Zanzibar. Navaa miwani toka darasa la sita na jikoni inanitesa, mvuke, jasho, kila saa nafuta, kwa hiyo siku za kazi navaa lenzi laini za kuweka jichoni. Nilikwenda kliniki moja Dar kupima nifanyiwe leza, wakasema konea zangu nyembamba, kulia 486, kushoto 491, hawanifanyii. Nikaenda nyingine, wakasema Lasik inawezekana, jicho la kulia litabakiwa na 274 na kiwango ni 250, hakuna shida. Namba zangu sasa: kulia minasi 5.50 na silinda minasi 1.75, kushoto minasi 5.00 na silinda minasi 1.25. Miwani ya miaka miwili nyuma kulia ilikuwa minasi 5.00 na silinda minasi 0.75. Macho yananiwasha toka mtoto. Nimsikilize nani? Na je kuna dawa ya kunenepesha konea?"

Waaleykum salaam, marahaba kijana wangu. Nimekusoma zaidi ya mara moja na kwanza nikushukuru umeandika namba zote mpaka za miwani ya zamani, maana wengi wananiletea neno moja tu "nyembamba" alafu wanataka nitoe hukumu. Jibu nalitanguliza usije ukalipia kabla hujafika mwisho wa kusoma: usifanye Lasik kwa sasa, jicho lolote. Na kinachonitia wasiwasi zaidi siyo hiyo 486 waliyokuambia, ni silinda yako iliyopanda, yaani ile namba ya pili ya miwani inayosawazisha konea isiyo duara sawasawa, pamoja na hayo macho yanayowasha. Nitafika huko, ila tuanze na unene maana ndio uliouliza.

Konea ni kile kioo cha mbele kabisa kinachofunika weusi wa jicho. Unene wake tunaupima kwa maikroni, na maikroni 1000 ndio milimita moja, kwa hiyo wewe konea yako ya kulia haifiki hata nusu milimita, chukua karatasi tano za fotokopi uzibane pamoja ndio unene wenyewe. Mtu mzima wa kawaida ana kama 540 katikati, wengine 500, wengine 580, wote wazima tu. Sisi watu weusi kwa wastani konea zetu ni nyembamba kidogo kuliko za wazungu, hili limeonekana hata kwenye ule utafiti mkubwa wa Marekani wa presha ya macho uliotoa matokeo 2002. Kwa hiyo kuwa na 486 peke yake siyo ugonjwa, kuna watu wanazeeka na 480 yao na hawajawahi kupata tatizo lolote la konea. Asikutishe mtu kwa hilo.

Shida inaanza pale unapotaka kuichonga. Leza hii tunayotumia, excimer, haikati kama kisu wala haichomi, inapunguza nyama ya konea kidogo kidogo ili umbo libadilike na mwanga uangukie panapotakiwa nyuma ya jicho. Na kadiri namba yako ilivyo kubwa ndivyo inavyochongwa zaidi. Hesabu yake siyo siri, unachukua upana wa eneo litakalochongwa kwa milimita, unazidisha kwa wenyewe, unazidisha kwa namba ya jicho, unagawa kwa tatu. Tuseme wanachonga eneo la milimita 6.5, hiyo inakuja kama maikroni 14 kwa kila namba moja. Na kwenye namba silinda inaingia pia, watu wengi wanaisahau, kwa hiyo jicho lako la kulia halihesabiwi 5.50, linahesabiwa 7.25. Mara 14 na pointi kidogo unapata 102. Kushoto ni 6.25, inakuja kama 88. Mashine nyingine zinachukua zaidi kidogo ya hapo lakini hesabu hii inatosha kukuonyesha picha.

Sasa Lasik kabla ya kuchonga wanakata kwanza kifuniko chembamba juu ya konea, wanakifunua kama ukurasa, wanachonga chini yake, wanakirudisha. Kifuniko kwa leza za kisasa kinakuwa kama maikroni 110. Basi 486 toa 110 toa 102 unabaki na 274, ndio hiyo 274 ya kliniki ya pili, hawakukudanganya kwenye hesabu. Na kweli kuna kiwango cha 250 ambacho madaktari wamekishika miaka mingi, kwamba chini ya kifuniko isibaki chini ya hapo, ingawa wengi siku hizi hatujisikii vizuri chini ya 300.

Lakini hebu fikiria kile kifuniko. Wewe mpishi utanielewa haraka. Chapati ya kusukuma ukishaibandua tabaka la juu ukalirudisha, linakaa pale pale, ukitazama huoni kitu, ila halijashikana tena na la chini kama lilivyokuwa. Kifuniko cha Lasik ndivyo kilivyo, pembeni kinapona, katikati kinalala tu, na kazi ya kubeba nguvu ya jicho hakifanyi tena. Na kibaya zaidi nyuzi za konea zilizo imara kuliko zote ziko huku mbele, ndizo unazozikata. Kwa hiyo kwa mtazamo wa nguvu, wewe huchongwi 102, unapoteza 110 na 102, jumla 212 kati ya 486. Hiyo ni karibu asilimia 44 ya konea yako.

Na hapo ndipo zile kliniki mbili zilipoachana. Mwaka 2014 daktari mmoja wa Brazil, Marcony Santhiago, na wenzake walitoa kazi yao iliyoangalia watu ambao ramani ya konea, yaani picha ya mashine inayoonyesha umbo lake, ilikuwa safi kabla ya Lasik na bado konea ikaja kulegea, wakaona alama inayowatenganisha vizuri na waliobaki salama ni hiyo asilimia, ikifika 40 kwenda juu hatari inapanda sana. Wewe kulia una 44, kushoto ukipiga 110 na 88 kwa 491 unapata 40 na kitu. Kliniki ya pili inatumia kipimo cha 250 peke yake, ya kwanza yawezekana inatumia na hiki, au ina mpaka wake wa kutogusa mtu aliye chini ya 500. Nikichagua kati ya hao wawili namsikiliza aliyekukataa, japo angekufafanulia angekusaidia zaidi kuliko kukutupia neno nyembamba na kukuacha utoke ukidhani macho yako ni mabovu.

Kuna na kipimo kingine cha pointi, cha daktari wa Marekani, Randleman, na wenzake, 2008. Wanaangalia ramani ya konea, kinachobaki chini ya kifuniko, umri, unene wa mwanzo, na ukubwa wa namba. Kwako umri wa miaka 23 unakupa pointi 2 maana konea ya kijana bado laini, unene wa 486 unakupa 2, kubaki na 274 unakupa 2. Jumla 6 na bado ramani sijaiona kabisa. Pointi 4 kwenda juu wanaita hatari kubwa. Jicho la kushoto lenyewe linapata 5. Unaona sasa, hata tukidhani ramani yako ni nzuri kupita zote bado Lasik kwako haikai.

Hatari yenyewe ni nini? Umeshaona tairi la baiskeli lililolika upande mmoja, ukijaza upepo tyubu inatuna pale pale palipolika. Jicho nalo ndani lina presha yake, inasukuma muda wote, usiku na mchana, na konea ndiyo inayozuia. Ukiipunguza kupita kiasi, au ukipunguza konea ambayo toka mwanzo ilikuwa dhaifu, inaanza kutuna mbele taratibu, inaweza ikaanza baada ya miezi au baada ya miaka, na namba zinarudi tena kwa fujo, silinda iliyopinda ambayo hata miwani haiisawazishi. Wenyewe tunaita ektasia. Daktari aliyeiripoti mwanzo mwanzo kwa watu waliofanyiwa Lasik ni Mjerumani Theo Seiler, 1998, na ndipo dunia nzima ya leza ikaanza kuheshimu hizi hesabu. Ni tatizo la nadra, nisikutishe, watu wengi mno wamefanya Lasik na wako vizuri. Ila unadra wake unatokana na kuwakataa watu wenye dalili kama zako, ukiwafanyia wote wanaoomba hautakuwa nadra tena.

Niliwahi kumpokea dada mmoja, sitasema alikofanyiwa, alikuja miaka mitatu baada ya Lasik. Alikuwa na furaha mwaka wa kwanza wote, alafu taa za magari usiku zikaanza kumtawanyikia, alafu maandishi yakawa na kivuli. Tulimwomba karatasi za vipimo vya kabla, akaleta moja tu yenye unene wa katikati, ramani haikuwepo. Sijui kama ilipigwa. Leo anavaa lenzi ngumu maalum ndio aone vizuri na anaona, anafanya kazi, lakini alikwenda kuondoa miwani na sasa bila ile lenzi hasomi hata bango la daladala. Nikisoma meseji kama yako huwa namkumbuka yeye.

Sasa nije kwenye lililonisumbua zaidi. Umeandika miaka miwili nyuma silinda ya kulia ilikuwa 0.75, leo 1.75. Namba imepanda nusu, sawa, kwa kijana siyo ajabu. Lakini silinda kupanda namba nzima kwa mtu wa miaka 23, mwenye konea nyembamba, ambaye macho yanamuwasha toka mtoto na bila shaka anayafikicha, hapo daktari yeyote wa konea lazima asimame. Kuna ugonjwa unaitwa keratokonasi, konea inakuwa dhaifu yenyewe bila kuguswa na leza, inachongoka mbele kama pia ya kuchezea watoto. Unaanza sana sana umri wa ujana na unaendelea mpaka miaka ya thelathini hivi, na kufikicha macho ni moja ya vitu vinavyohusishwa nao zaidi. Mwanzoni mtu anaona vizuri tu na miwani, anachoona ni kwamba kila mwaka fundi wa miwani anabadilisha silinda. Sijasema unao. Nasema ukiwa nao hata kidogo, hata ule wa kujificha, Lasik ndiyo kitu kibaya kuliko vyote unavyoweza kuifanyia hiyo konea, na ndiyo maana kwangu umbo la konea linakuja mbele ya unene. Mtu mwenye 490 na ramani safi, umri wa miaka 32, namba 2, silinda haijasogea miaka mitano, nitakaa naye tuongee vizuri kuhusu kuchonga juu bila kifuniko. Mwenye 560 na ramani inayochongoka chini nitamkataa siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo kipimo unachokihitaji ni ramani kamili ya konea, inayopima mbele na nyuma yake, wenyewe utawasikia wanasema tomografia, au wanataja Pentacam ambayo ni jina la mashine mojawapo. Ile kalamu ya kugusa jicho inayotoa namba ya unene inakupa pale inapogusa tu, kwa kawaida katikati, na konea inayoanza kudhoofika sehemu yake nyembamba zaidi mara nyingi iko chini ya katikati, huko kalamu haikufika. Ramani itakuonyesha sehemu nyembamba kuliko zote ni ngapi na iko wapi, inaongezekaje kwenda pembeni, mgongo wa konea umetuna au haujatuna maana mara nyingi dalili ya kwanza inaanzia mgongoni, na kama jicho la kulia na la kushoto yanafanana. Macho ya mtu asiye na ugonjwa hufanana kama viatu vya jozi moja. Yakitofautiana sana tunauliza kwa nini.

Alafu kuna hili la lenzi. Umesema siku za kazi unavaa lenzi, hukusema siku ya kupima ulikuwa umezivua lini. Kama ulizivua asubuhi ile ile au jana yake basi namba zote hizo, 486, 491, hata silinda, tuziandike kwa penseli. Lenzi inaikandamiza konea inabadilisha umbo kidogo, na inaweza kuivimbisha ikaonekana nene kuliko ilivyo, maana yake unene wako halisi unaweza kuwa chini ya huo. Hata usingizi tu unaivimbisha, ukipimwa umetoka kuamka unene ni mkubwa kuliko wa mchana. Lenzi laini zivue wiki mbili kamili kabla ya kupiga ramani, zingekuwa zile ngumu ningekwambia mwezi. Najua jikoni itakuwa mateso, omba likizo au panga kipindi ambacho hoteli haina wageni wengi, hizo wiki mbili ni za thamani kuliko hela ya kipimo chenyewe.

Dawa ya kunenepesha konea hakuna. Wala matone, wala vidonge, wala karoti, wala juisi ya mchicha, na mtu akikuuzia matone ya hivyo mtandaoni anakula hela yako. Kuna tiba inaitwa kroslinkingi, ilianzia Dresden Ujerumani, na cha ajabu huyo huyo Seiler ni mmoja wa walioileta, kazi yao kwa wagonjwa ilitoka 2003 na Marekani ikaidhinishwa 2016. Wanaloanisha konea kwa vitamini B2 alafu wanaimulika mwanga wa zambarau usioonekana, kwa ule utaratibu wa asili ni nusu saa ya matone na nusu saa ya mwanga. Nyuzi za konea zinashikana zaidi, inakuwa ngumu. Lakini hainenepi, na lengo lake ni kusimamisha keratokonasi isiendelee, haikupi kibali cha kwenda kuchonga. Ramani yako ikionyesha ugonjwa unaoendelea basi hii ndiyo utahitaji, tena mapema, maana utaratibu ule wa kawaida unataka konea ibakie angalau 400 baada ya kutoa ngozi ya juu, na konea inayoendelea kuchongoka inaendelea pia kupungua. Ndiyo maana sitaki ukae nyumbani ukisubiri.

Kuhusu kuwashwa, hili lianze leo hata kabla ya ramani. Acha kufikicha. Najua ni rahisi kusema, aleji ya macho inawasha mpaka mtu anasikia raha akifikicha kwa vifundo vya vidole, ila kila ukifanya hivyo unaikunja ile konea. Badala yake chovya kitambaa safi kwenye maji ya baridi uweke juu ya kope zilizofungwa dakika kadhaa, na umuone daktari akuandikie matone ya aleji yanayofaa kutumika muda mrefu, olopatadini kwa mfano. Nakuomba sana usiende duka la dawa kununua yale matone yenye deksamethasoni au steroidi nyingine ukawa unajitilia kila yakiwasha. Yanatuliza haraka kweli, ndiyo maana watu wanayapenda, ila ukiyatumia bila usimamizi yanapandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho, nimeona vijana wa umri wako wamepoteza kuona jicho moja kwa glakoma, yaani presha ya jicho inayoharibu mshipa wa kuonea, iliyotokana na chupa ya matone ya bei ndogo. Ukiwa umewahi kuyatumia kwa miezi, mwambie daktari akupime presha na mshipa wa jicho.

Tuseme sasa umefanya yote hayo, ramani imetoka safi, silinda kumbe ilikuwa ni lenzi tu, umerudia kipimo baada ya mwaka na namba haijasogea zaidi ya nusu. Hapo bado Lasik sikushauri kwa zile hesabu tulizopiga, lakini kuna PRK, ni ya zamani kuliko Lasik, Marekani iliidhinishwa 1995. Hii haina kifuniko, wanatoa ile ngozi laini ya juu kabisa yenye kama maikroni 50 ambayo inaota tena yenyewe, wanachonga juu. Kwako 102 na 50 ni 152, asilimia 31, na chini inabaki 334. Unaona tofauti. Ila uijue, siku tatu mpaka tano za mwanzo inauma, machozi, mwanga hutaki kuuona, wanakuwekea lenzi ya kufunika kidonda, na kuona vizuri kunakuja taratibu kwa wiki na pengine miezi. Kwa namba kubwa kama zako konea inaweza kupata ukungu wakati wa kupona, kwa hiyo wanapaka dawa ya kuzuia na wewe unavaa miwani ya jua bila utani, na huku pwani jua ni kali. Na jikoni penye moto na unga unapumzika mpaka daktari akuruhusu. PRK nayo siyo ruhusa ya kumchonga mwenye keratokonasi, wapo wanaokwambia "tutafanya PRK kwa sababu ramani haiko vizuri", ukisikia sentensi hiyo ondoka.

Utatajiwa na SMILE. Hiyo badala ya kifuniko wanakata kijinyama ndani ya konea wanakitoa kwa tundu dogo. Ni nzuri kwa baadhi ya watu ila kijinyama kile nacho ni konea, unapunguza vile vile, kwa hiyo asikwambie mtu kwamba imetengenezwa kwa ajili ya konea nyembamba.

Njia ambayo haigusi unene kabisa ni kuwekewa lenzi ndogo ndani ya jicho, nyuma ya ile sehemu yenye rangi na mbele ya lenzi yako ya asili, maarufu ni ICL. Zipo zinazorekebisha na silinda. Kwa mtu mwenye namba kama zako na konea kama yako, namba zikishatulia, hii ndiyo ningeitazama kwa makini zaidi. Ina masharti yake, jicho liwe na nafasi ya kutosha mbele, karibu milimita 3, na seli za mgongo wa konea zihesabiwe ziwe za kutosha, na ni upasuaji wa ndani ya jicho kwa hiyo kuna hatari ya maambukizi, presha kupanda, mtoto wa jicho kuja mapema. Nadra, ila zipo. Na bei yake ni kubwa kuliko leza, wengi wa kwetu wanaishia kusafiri India.

Ukiamua lolote kati ya hayo, omba karatasi za vipimo vyote vya kabla uzitunze pamoja na cheti cha kuzaliwa. Konea iliyochongwa inafanya mashine ya presha isome chini ya ukweli, na ukiwa na miaka 50 daktari asiyejua kwamba ulichongwa atakwambia presha yako nzuri huku glakoma inakula mshipa, na sisi weusi glakoma inatuandama zaidi. Siku utakapohitaji kutolewa mtoto wa jicho pia, zile namba za zamani ndizo zitasaidia kuchagua lenzi sahihi ya kukuwekea.

Kwa sasa jikoni, fanya hivi. Fremu nyepesi yenye kamba ya kushika nyuma ya kichwa. Kabla ya zamu paka vioo tone la sabuni ya maji, sambaza kwa kidole, futa kwa kitambaa laini bila kusuuza, mvuke hautashika kirahisi. Na baada ya ramani ukirudi kwenye lenzi usizioshe kwa maji ya bomba hata siku moja, usilale nazo, na mikono iliyokata pilipili naamini huko umeshajifunza mwenyewe.

Ukipata ramani nitumie picha za macho yote mawili, mbele na nyuma, funika jina lako, alafu niandikie ulivua lenzi tarehe ngapi na kama nyumbani kuna ndugu wa damu mwenye keratokonasi au aliyewahi kuwekewa konea ya mtu mwingine. Mama au wajomba wataweza kukumbuka, waulize.